Kikapu Kilichotiwa Sukari

Simu niliiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu chumbani mwangu mtandao unashika pale tu. Mimi nilikaa kitandani, Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia mwenzake ajinyooshe kidogo. Saa mbili usiku mkwe wangu alikuwa amepiga mara moja. "Mama, mtoto ameumwa na sisimizi. Uso wote umevimba, anahema kwa shida, tunampeleka hospitali. Usije, hawaruhusu zaidi ya watu wawili. Ngoja simu." Akakata. Nikangoja.

Huyo mtoto ni mjukuu wangu wa kwanza, mwana wa binti yangu wa pekee. Usiku ule alikuwa na wiki tatu na siku mbili.

Fundi si ndugu yangu. Ni jirani, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, akikohoa mimi nasema pole. Aliponisikia nalia alikuja na kigoda chake na uzi wake, maana mikono yake haijui kukaa bure hata msibani. Kulabu yake ya kufumia ni spoki ya baiskeli aliyoisugua mwenyewe mpaka ikawa laini, na usiku ule niliitazama ikiingia tunduni na kutoka, ikiingia na kutoka.

"Sisimizi hawadondoki kutoka mbinguni," alisema. "Wamefuata nini?"

"Labda maziwa."

"Maziwa ya mama? Basi watoto wote wa dunia wangeshaliwa." Akafuma raundi nzima, kisha akauliza bila kuinua macho, "Kile kikapu ulichokipeleka bila mimi, ulikitia wanga gani?"

"Wa muhogo. Niliuomba kwa dobi."

"Basi sicho," akasema, akashusha pumzi. "Nilitaka kuhakikisha tu."

Nilikuwa nimekitia sukari.

Nieleze kwanza Fundi ni nani, maana watu wa mtaa sasa wanamweleza vibaya. Anafanya kazi katika karakana ya sare za shule, upande wa vifungo. Miaka ishirini na moja anatoboa matundu ya vifungo na kuvikaza vifungo vyenyewe, na anajisifu kwamba hakuna mtoto wa mji huu aliyefeli kwa sababu shati lilimfunguka. Alishika mimba tatu, hakuna iliyofika. Mume wake alisema anakwenda kuwatafutia chumba kikubwa zaidi. "Akakipata," Fundi husema, "na mwanamke ndani yake tayari. Mtu wa bahati yule." Huwezi kujua kama anacheka au la.

Binti yangu alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki, nami nikaanza kupiga pasi kwa dobi, zamu ya alfajiri. Kila nilipotoka, mtoto alikuwa amelala. Fundi ndiye aliyemwosha, akamsuka, akamvalisha, akamshika mkono hadi lango la shule kabla ya kwenda karakanani. Mtoto akaanza kumwita Mama Mdogo kabla mimi sijamwambia amwiteje. Jino la kwanza lilipong'oka, alimpelekea yeye. Alipovunja ungo, alimwambia yeye. Mambo yote ya mwanangu nilikuwa nayajua, ila niliyajua siku mbili baadaye, kupitia ukutani.

Nilimshukuru Fundi kwa mdomo. Moyoni nilikuwa namhesabia kila jino.

Kila sikukuu ikikaribia, Fundi hufuma vikapu vidogo vya zawadi, saizi ya bakuli la supu, kimoja kwa kila nyumba anayoipenda. Huanza na vitanzi sita anavyoviunga kuwa duara, anazungusha raundi kwa raundi akiongeza mishono ili kitako kilale bapa. Kitako kikitosha anaacha kuongeza, na hapo uzi unaanza kupanda wenyewe kama ukuta. Mwishoni anaweka ukingo wa maua na mshikio wa mnyororo. Lakini kikapu cha uzi ni kitambaa tu mpaka kitiwe wanga. Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia. Wanga ninaujua kwa sababu ya dobi, na mikono ya Fundi hupasuka ikigusa wanga wa moto. Nilikuwa nakichovya kikapu, nakivuta juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, nauvisha mshikio juu ya chupa, nakianika. Jioni kinasimama chenyewe kama cha udongo.

Kuna njia nyingine, ya sukari. Unachemsha sukari na maji kidogo mpaka iwe nzito, unachovya, kikapu kinakauka upesi na kung'aa kuliko cha wanga. Fundi alinifundisha hiyo pia, kisha akanikataza. "Hiyo ni ya pambo la kutundika juu ukutani," alisema. "Kitu cha kukaa karibu na chakula au mtoto, hapana. Hata ukikosa wanga, kingoje."

Mwaka huu, baada ya vile vya kawaida, alifuma kimoja cha pekee, cheupe, ukingo wa rangi ya jani changa, kwa ajili ya mjukuu wangu. Alikifumua mara mbili kwa sababu ya mshono mmoja ambao mimi nilitafuta nisiuone. Alinikabidhi siku mbili kabla ya sikukuu.

"Wanga umeniishia," akasema. "Kesho kutwa nikipata nafasi nitausaga. Kifunike tu. Tutakipeleka pamoja siku ya pili ya sikukuu."

Mimi sikulitaka hilo neno pamoja. Nilijua litakavyokuwa. Tutaingia wawili, binti yangu atanisalimia mimi kwa heshima, kisha atamrukia yeye shingoni. Kwa hiyo Fundi alipotoka kwenda karakanani, nikachemsha sukari. Kikapu kikakauka mchana uleule. Jioni, mkesha wa sikukuu, nilikuwa mlangoni kwa wakwe zangu, peke yangu.

Mama wa mkwe wangu tunamwita Mwalimu. Aliwahi kuongoza shule ya sekondari na mpaka leo humtazama mtu kama anayemsahihishia daftari. Mimi niliishia darasa la tano, naye anajua. Alikishika kikapu kwa vidole viwili.

"Umefuma mwenyewe?"

Kabla sijajibu binti yangu alikichukua, akakigeuza kitako juu, akacheka. "Hii ni mikono ya Mama Mdogo. Tazama alivyouficha mwisho wa uzi, huuoni."

"Na wewe umefanya nini hapo?" Mwalimu akaniuliza.

"Mimi nimekileta."

"Aa. Tarishi."

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Binti yangu akaweka ndani yake kofia na soksi za mtoto, akakisimamisha juu ya kitanda kidogo, pembeni ya mto. Nilikiona kinang'aa chini ya taa. Ningeweza kusema, kisogeze mbali. Lakini ningeulizwa kwa nini, na mbele ya Mwalimu sikuwa na jibu.

Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo kifuani usiku ule wa kungoja, Fundi akiwa hatua mbili kutoka kwangu. Siku ya sikukuu yenyewe ilikuwa imepita na kelele zake. Jogoo wa jirani aliwika, tukatazamana. Ndipo simu ikalia.

Alikuwa Mwalimu. Simu yangu sauti ya sikioni ilikufa zamani, lazima niweke spika, kwa hiyo tulimsikia wote.

"Anapumua vizuri sasa," alisema. "Jicho la kushoto bado limefunga. Daktari anasema litafunguka."

Nilimshukuru Mungu. Fundi alifumba macho, midomo yake ikacheza.

"Usishukuru sana, nisikilize. Nimerudi nyumbani kuchukua nguo. Sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye kile kikapu chenu, na kutoka kikapuni mpaka kwenye mto. Nikatafuta peremende ndani, hakuna. Nikakilamba." Alinyamaza ili niwaze ulimi wake juu ya uzi ule. "Ni sukari, mkwe. Kikapu kizima. Nataka kujua nani ametia sukari kwenye kitu cha mtoto mchanga."

Kulabu ya Fundi ilisimama. Alinitazama, nami nikaona kwamba ameshajua. Hakukunja uso. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima, hutaki kupiga kelele asije akashtuka.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa naihitaji pole kuliko kitu chochote. Nikauona mlango wa Mwalimu ukifungwa mbele yangu. Nikaona mjukuu akikua upande ule, akiambiwa, bibi yako wa kule alikaribia kukuua.

"Ni kazi ya Fundi," nikasema. "Mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikileta tu, mkwe. Si unakumbuka."

"Nilijua," alisema Mwalimu. "Mwambie asikanyage kwangu." Akakata.

Fundi alimaliza mshono aliokuwa ameuanza. Akachomeka kulabu kwenye kitambaa chake cha kichwa, mahali pake pa kawaida, akainuka na kigoda.

"Mtoto anapumua?" akauliza, kama vile hakusikia.

"Anapumua."

"Basi. Kukikucha utawaambia."

"Nitawaambia."

Kulikucha. Nilioga, nikavaa, nikaenda hospitali, na sikuwaambia. Mtoto alilala kwenye mapaja ya mama yake, uso umefutuka, jicho la kushoto kama mkato wa kisu. Shingoni, kwenye mikunjo, alikuwa na vipele vyekundu vingi hata sikuweza kuvihesabu. Binti yangu hakuwa amelala.

"Mama," alisema polepole ili mumewe asisikie, "una uhakika? Mama Mdogo alinifokea nilipokuwa na miaka kumi kwa sababu niliweka kitumbua juu ya kitambaa chake. Yeye atie sukari?"

"Kwa hiyo muongo ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," nikamwambia. "Yeye hakuwahi kuzaa. Hawezi kujua mtoto mchanga anataka nini. Tumsamehe tu."

Nilisema hivyo, na sauti yangu ilikuwa ya upole. Binti yangu aliniangalia muda mrefu, kisha akalia, na nikamfuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kulia mikononi mwangu na si kwingine. Sitaficha: nilisikia raha.

Maneno yana miguu. Mwalimu alimwambia mpwa wake, mpwa ana rafiki karakanani, na baada ya siku nne mtaa wote ulijua kwamba yule mgumba wa vikapu ametaka kuwalisha sisimizi mjukuu wa watu. Walisema ni wivu. Walisema mwanamke asiye na mtoto hutazama mtoto wa mwenzake kwa jicho lingine. Wale waliopewa vikapu vya sikukuu, ambavyo nilivitia wanga safi kwa mikono yangu hii, walivilamba kimoja kimoja, wakakuta havina ladha, na bado wakavitupa. Mmoja alikirudisha cha kwake mlangoni kwa Fundi kikiwa kimekatwa vipande kwa mkasi, vimepangwa vizuri ndani ya bahasha. Watoto wakaacha kumwita Fundi. Wakamwita Bi Sukari. Akipita wanajipiga shingo na kujikuna, wanaanguka chini, wanakufa, wanafufuka, wanamfuata tena.

Nilikuwa nayatazama yote hayo kupitia pazia langu. Mimi ni mtu wa kutazama.

Alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza hakukaa.

"Bado?"

"Ngoja jicho lifunguke. Sasa hivi hawatasikia."

Jicho lilifunguka. Akaja mara ya pili.

"Ngoja Mwalimu apoe. Unamjua alivyo."

"Simjui. Mimi namjua wewe."

Mara ya tatu alikaa, kwenye ukingo wa kitanda changu, mahali alipokuwa akikaa kumsuka binti yangu. Karakanani walikuwa wamemhamishia chumba cha nyuma, cha kufagia mabaki, kwa sababu wazazi wawili walisema hawataki vifungo vilivyopita mikononi mwake. Hakunieleza hilo. Nililijua.

"Dada," akaniambia, "sitaki uniombe radhi, na karakana sikuulizi, ile ni yangu mimi. Nataka kitu kimoja. Nimbebe yule mtoto mara moja. Binti yako aliniahidi akiwa bado tumboni, alisema, Mama Mdogo, wewe utambeba kabla hajajua kukataa. Mara moja tu, kisha niwarudishie."

"Si umwambie mwenyewe kwamba si wewe?"

"Nikisema mimi, ni jirani anamchongea mzazi. Hata binti akiniamini, atamkana mama yake? Nitamgombanisha na mama yake kwa ajili ya starehe yangu. Ukisema wewe, atakasirika mwezi mmoja, halafu basi. Mama hafukuzwi. Mimi ndiye ninayefukuzika."

"Rahisi kusema."

"Mwenzangu, ukikosea raundi ya pili ukaendelea, kikapu kinainama upande mpaka juu. Hakuna ukingo wa maua utakaokificha. Dawa ni kufumua."

"Usinifundishe kufuma leo."

"Nani mwingine atakufundisha?" alisema, akatabasamu kidogo, ndipo nikamchukia kweli. Nilimwambia ana haki ya kuhuzunika lakini asinipandie kichwani. Nilimwambia mtoto si kikapu. Nilimwambia kama Mungu angetaka abebe mtoto, angempa wake.

Aliondoka bila kufunga mlango. Nilisikia kupitia ukutani maji yakimiminwa kwenye beseni.

Jumapili iliyofuata wakwe zangu waliniita chakula cha mchana. Hapo awali hawakuwahi kuniita bila sababu. Tangu yale mambo Mwalimu alikuwa ananiheshimu zaidi, kwa kuwa tulikuwa na mtu mmoja wa kumsema. Nilivua viatu nje, pale barazani, nikakaribishwa kiti cha mto, karibu kabisa na mlango kwa ajili ya upepo. Binti yangu alinipa mtoto, akaingia bafuni kuoga. Mkwe wangu alikuwa kazini. Mwalimu alikuwa anamenya ndizi mezani.

Mtoto alikuwa amenenepa. Vipele vilikuwa vimekauka, vimebaki vidoa vidogo vya rangi ya chai chini ya kidevu. Alinikamata kidole. Nilikuwa nikifikiri kwamba labda yote yamekwisha, kwamba watu husahau, wakati mlango ulipobishwa.

"Nani?" Mwalimu akauliza bila kuinuka.

"Ni mimi." Nilimjua kabla hajataja. "Fundi. Sikuleta kitu, mikono yangu mitupu, mnaweza kunikagua. Nimekuja kumwona mtoto. Hata kwa mbali, nisimame hapahapa kizingitini, mtu amwinue nimwone."

Mwalimu aliweka kisu chini. "Ana ujasiri," akasema kwa sauti ya chini, "au hana akili." Akanitazama. "Wewe ndiye unayemjua, mkwe. Nyumba ni yangu, lakini mjukuu ni wetu sote wawili. Ukisema afunguliwe, nitamfungulia, nimsikilize anachojitetea nacho. Sijawahi kumhukumu mwanafunzi bila kumsikiliza. Na huyu, sasa nakumbuka, sikumsikiliza."

Maji bafuni yaliendelea kumwagika. Binti yangu alikuwa anaimba.

"Dada," Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa karibu sana, kama amelaza paji la uso kwenye ubao. "Najua umo ndani. Viatu vyako vipo hapa. Sitasema lolote, naapa. Nitambeba, nitakurudishia, nitaondoka. Wala sikuaibishi. Nifungulie tu."

Nilimwamini. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke: nilimwamini kabisa kwamba angeingia, angembeba, angenyamaza, na siri yangu ingebaki salama kuliko ilivyokuwa. Lakini niliona pia uso wa binti yangu akitoka bafuni, taulo kichwani, akimkuta Mama Mdogo wake amemshika mtoto. Sikuhitaji kuambiwa angemkimbilia nani.

Mlango ulikuwa umeshikizwa tu, komeo halikuwa limetiwa. Nilimhamishia mtoto mkono wa kushoto, nikanyoosha wa kulia, nikalisukuma komeo mpaka likagota. Ni komeo la chuma. Aliyekuwa nje hangeweza kukosa kulisikia.

Mwalimu aliinua nyusi, akarudia ndizi zake.

Bafuni maji yakakatika. "Mama," binti yangu akaita, "nani anabisha?"

"Wamekosea nyumba," nikamjibu, na mlango nikauacha hivyo.